Nta Juu ya Masizi

Kesi ilipomfikia Inspekta mezani ilikuwa imeshapikwa, imeungwa na kupakuliwa. Kilichobaki ni yeye kula tu.

"Weka sahihi hapo chini," Mkuu wa kituo alimwambia, akilisukuma jalada kwa kidole kimoja kama anayesukuma sahani iliyoingia nzi. "Ni keshia wa lile duka kubwa la pale mzunguko. Ameharibu mashine ya watu. Mchana huu anapelekwa mahakamani."

"Ameiharibu vipi?"

"Si imeandikwa humo?"

"Humu imeandikwa mashine imeungua. Haijaandikwa yeye ameichoma."

Mkuu akashusha pumzi. Pale kituoni Inspekta, mama huyu, alikuwa na jina ambalo hakuna aliyethubutu kumwita nalo usoni: Rudia. Shahidi akikaa mbele yake hutoa maelezo, kisha huyatoa tena, kisha huambiwa asimame aonyeshe alivyofanya. Wengine walitoka ofisini kwake wamechoka kuliko waliobeba magunia.

"Nakupa mpaka mchana," Mkuu alisema. "Usiponiletea kitu, anakwenda kama alivyo."

Keshia alikuwa chumba cha mahabusu cha wanawake, amekaa peke yake kwenye benchi la saruji, bado amevaa fulana ya kazi yenye nembo ya duka kifuani. Viatu vyake vilikuwa mezani kwa konstebo, pamoja na mkanda na simu. Alipomwona Inspekta alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Nasikia ulitamka maneno kuhusu hiyo mashine."

"Nilisema nitaichinja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yenyewe inanichinja mimi. Mteja anaweka kikapu juu ya kaunta, kikapu kizima na vitu vyake vyote. Mashine inapima, inatazama, inatoa bei. Hakuna kutoa kimoja kimoja. Hakuna keshia. Meneja alitutangazia habari hizo huku anacheka meno yote nje, akatwambia tupige makofi."

"Mkapiga?"

"Tulipiga. Mimi nilipiga, ndiyo nikasema nitaichinja. Watu wakacheka. Leo waliocheka wote ni mashahidi."

Inspekta alivuta ndoo iliyokuwa mlangoni, akaigeuza, akaikalia. Hakuwa na haraka ya mwili, ingawa jua lilikuwa linapanda.

"Na bisibisi iliyokutwa kwenye kabati lako?"

"Droo za kaunta za zamani zinakwama. Kila keshia ana bisibisi. Wangefungua makabati yote wangepata za kufungulia duka la vifaa."

"Ufunguo wa mashine?"

"Nilikuwa nao mimi, kwenye kamba shingoni. Mimi ndiye niliyepangiwa kuijaribu. Mara ya mwisho nilifungua juzi jioni, kabla sijatoka. Mle chini kuna bonge la bati, limekaa juu ya kompyuta kama kuku juu ya mayai. Yule fundi wanayemwita Barafu aliniambia niwe naligusa kila nikifunga. Likiwa la moto sana nimpigie."

"Ukaligusa?"

"Nikaligusa. Lilikuwa vuguvugu."

"Kwa hiyo lilikuwepo."

Keshia alimtazama kama anayetafuta mzaha ulipo. "Mama, nitagusaje kitu ambacho hakipo?"

Inspekta karibu atabasamu. "Rudia hapo pa kugusa. Uligusa kwa mkono gani?"

Akarudia. Mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulishika ufunguo. Alinyoosha mkono wenyewe hewani, akakunja vidole kidogo, kama anayempapasa mtoto homa. Inspekta aliutazama mkono ule mpaka ukashuka.

"Mama," keshia alisema, na sauti yake ikapungua. "Mimi sina cheti. Nina jina tu. Kwenye kazi hii mtu anakuweka mbele ya droo ya hela zake kwa sababu ameuliza, akaambiwa huyu ni mwaminifu. Nikisomewa shitaka leo, hata nikishinda mwakani, nani ataniweka mbele ya droo tena?"

Inspekta aliinuka, akairudisha ndoo mahali pake.

*

Dukani watu walikuwa wamejipanga mpaka kwenye rafu za biskuti. Kaunta zote zilikuwa zinafanya kazi isipokuwa moja, ile mpya, iliyozungushiwa utepe mwekundu kama maiti wa barabarani. Ilikuwa pana, nyeupe, na juu yake kulikuwa na beseni la kuwekea kikapu, chini kabati lenye mlango wa chuma. Mlango ulikuwa umefanya weusi pembeni. Kila mteja aliyepita alichungulia, akanusa, akaguna.

Meneja alikuja mbiombio, tai imepinda.

"Inspekta, karibu sana. Jana hapa palinuka mpaka mama mmoja akaniuliza kama tumeanza kuchoma nyama. Nataka kujua lini naweza kuondoa huu utepe. Unanifukuzia wateja."

"Ukinionyesha kilichotokea."

"Nilishaeleza."

"Ulieleza. Sasa nionyeshe."

Mwanamume mwingine alikuwa amechuchumaa karibu na kaunta, akasimama walipofika. Alikuwa mnene wa wastani, mwenye macho yasiyotulia na mdomo uliozoea kusifia bidhaa. Ndiye aliyebuni kaunta yenyewe. Watu walimwita Foleni, maana tangu ujana wake maneno yake yote yalikuwa foleni: kwa nini watu wanapanga, wanapoteza nini wakipanga, na jinsi ya kuimaliza. Inspekta alimpa mkono. Foleni alikunja kiganja ndani, akampa kifundo cha mkono.

"Samahani, mama, nina grisi."

"Haidhuru."

Akawageukia wote wawili. "Jana asubuhi mlikuwa akina nani hapa?"

"Sisi wawili tu," Meneja alisema. "Duka lilikuwa halijafunguliwa. Wageni wa kampuni inayotaka kununua hizi mashine walikuwa waje baadaye, tukasema tufanye jaribio la mwisho. Nikaweka kikapu. Ikasoma vizuri, sabuni, mchele, kila kitu. Nikaweka kingine. Kama cha nne au cha tano hivi, moshi!"

"Wewe ulisimama wapi?"

"Hapa."

"Na yeye?"

"Pale, upande wa kabati."

"Moshi ukatoka. Ukafanya nini?"

"Nikakimbia stoo kuzima swichi kuu. Na kuchukua mtungi wa kuzimia moto."

"Kimbia."

"Sasa hivi?"

"Kama ulivyokimbia jana."

Meneja alitazama foleni za wateja, akajikuna shingo, halafu akatimka. Tai ilimrukia begani. Alipotelea nyuma ya rafu za sabuni, viatu vyake vikasikika, vikafifia, vikanyamaza. Inspekta alisimama upande wa kabati, mahali aliposimama Foleni, akangoja. Aliangalia kushoto. Kulikuwa na troli la dukani, tupu, na rundo la maboksi ya kufungashia. Akangoja tena.

Ghafla taa zote zikazimika. Kaunta zote zikafa kwa pamoja. Wateja wakapiga kelele.

"Jamani, kanizidishia kuliko nilivyomwomba," Inspekta alisema.

"Risiti yangu imekatikia katikati!" mzee mmoja alilalamika.

"Huyu meneja naye ana akili zake," keshia wa kaunta ya pili alisema, na waliopanga wakaangua kicheko.

Umeme uliporudi Meneja alirudi nao, anahema, amekumbatia mtungi mwekundu. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

"Ahsante. Uliporudi, ulikuta nini?"

"Nilikuta yeye ameshafungua kabati na moshi umepungua. Nikapuliza unga wa mtungi. Akasema, meneja, tazama, bonge halipo, tumeibiwa. Nikatazama. Nafasi tupu. Nikakumbuka keshia ndiye mwenye ufunguo."

"Yeye alifungua kwa ufunguo gani?"

"Mimi nina wa akiba," Foleni alidakia. "Mashine ni yangu, mama. Mtu huna budi kuwa na ufunguo wa nyumba yako."

"Ni haki. Nielezee hilo bonge ni kitu gani. Kwa lugha ya jikoni."

Hapo Foleni alichangamka. Akaeleza vizuri, kwa maneno ya mtu aliyeuza mara nyingi. Ile kompyuta ya ndani inafikiri sana, inatazama kikapu kizima kwa mara moja, na kitu kinachofikiri sana kinachemka. Kompyuta nyingine hupoozwa na feni. Lakini dukani kuna vumbi la unga, la sabuni, la maboksi. Feni inaziba baada ya wiki chache. Shemeji yake, kaka wa mke wake, ndiye huyo Barafu, akabuni bonge lisilo na feni. Ni boksi la bati lililojazwa nta. Kompyuta ikipata moto, nta inayeyuka na kuumeza moto wote. Usiku duka likifungwa nta inaganda tena, asubuhi inaanza upya.

"Bila bonge?"

"Ni sufuria jikoni bila maji. Inaungua mara moja."

"Kwa hiyo mtu akiiba bonge jioni, asubuhi mashine ikiwashwa inakufa."

"Ndivyo ilivyokuwa."

Inspekta alivua mtandio wa mabegani, akaukunja, akauweka sakafuni, akapiga magoti. Akafungua kabati. Ndani mlikuwa na rafu mbili za chuma. Ya juu ilikuwa na kompyuta, au kilichobaki: bodi iliyojikunja, waya zilizokuwa za rangi rangi na sasa zote ni za rangi moja. Kuta za kabati zilishika masizi mpaka juu. Lakini rafu yenyewe, kuizunguka ile bodi, ilikuwa safi. Imefutwa.

"Nani alifuta?"

"Mimi," Foleni alisema. "Unga wa mtungi ulijaa kila mahali. Nilikuwa nataka kuona kama kuna cha kuokoa."

"Ulifuta na rafu ya chini?"

"Ya chini haina kitu."

Kweli haikuwa na kitu. Ila kwenye rafu ya juu kulikuwa na tundu la kupitishia waya, upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki mpaka mtu ainamishe shavu karibu na sakafu. Inspekta aliinamisha shavu. Akaomba tochi, Meneja akawasha ya simu.

Chini ya lile tundu kulikuwa na kitu cheupe kimening'inia, kimechirizika kama kamasi za mtoto. Kimedondokea rafu ya chini, kikatandaa, kikaganda.

Akaingiza ukucha pembeni, taratibu, kikabanduka kipande kizima. Juu kilikuwa cheupe, laini. Akakigeuza. Chini kilikuwa cheusi kwa masizi.

Alibaki amepiga magoti kwa muda. Meneja akadhani ameumia mgongo, akauliza kama aletewe kiti.

"Sihitaji kiti. Mwite huyo Barafu."

"Yuko karakana kwake," Foleni alisema haraka. "Ana huzuni, mama. Tangu jana hajala. Nadhani tungemwacha kwanza."

"Mwite aje na huzuni yake."

*

Barafu alifika kwa baiskeli, mrefu, mkavu, suruali imebanwa kifundoni na pini ya nguo. Alimsalimia Inspekta, akampungia shemeji yake, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akainama, akaguna kama mtu aliyefika msibani.

"Sogea hapa kwanza," Inspekta alimwambia. Walikuwa wanne wamesimama ndani ya utepe. "Hii ni nini?"

Barafu alikipokea kile kipande. Akakinusa. Akakiweka kiganjani, akafumba mkono, akafumbua. Kipande kilikuwa vilevile.

"Mshumaa," alisema.

"Siyo nta yako?"

"Nta yangu? Nta yangu ungekuwa umeshajipaka." Alichomoa kwenye mfuko wa shati kikopo kidogo kama cha mafuta ya mgongo, akafungua, akachota punje kwa ncha ya ufunguo. "Nyoosha mkono, mama."

Inspekta alinyoosha. Punje ilikaa kiganjani, ikatulia kidogo, kisha pembe zake zikaanza kulegea. Muda si muda ikawa tone.

"Niliipika miaka na miaka mpaka ikakubali hivyo," Barafu alisema. "Inayeyuka mapema, kabla kompyuta haijaumia. Hii ya mshumaa inangoja mpaka moto uwe mkali. Itakapoanza kuyeyuka, bodi imeshaungua. Kisha nta ikiyeyuka inavimba. Mimi huacha nafasi ndani ya bati. Asiyejua akijaza mpaka juu, inapasua kizibo na kumwagika."

"Kwa hiyo kitu hiki kimemwagika."

"Kimemwagika, ndiyo. Lakini kutoka wapi, kama bonge liliibwa?"

"Hilo ndilo swali langu pia." Inspekta alichukua kile kipande, akakiinua wote wakaona. "Masizi yako chini, nta iko juu. Moshi ulitangulia, nta ikafuata. Bonge lilikuwemo humu mashine ilipokuwa inaungua, na lilikuwa limejaa mishumaa. Halikuibwa juzi jioni. Limetolewa jana, baada ya moto."

Meneja alifungua mdomo, akaufunga.

"Meneja," Inspekta alisema, "wewe nyoosha mkono. Kuna watu wana mikono ya baridi, nataka kuhakikisha."

Barafu akampa punje. Ikayeyuka kiganjani kwa Meneja haraka kuliko kwa Inspekta. "Nina damu moto," Meneja alisema kwa fahari kidogo.

"Na wewe, Foleni."

"Mimi nina grisi, mama."

"Grisi haizuii joto. Nyoosha."

"Mimi ni mbunifu hapa, naijua hii nta. Sina haja ya..."

"Shemeji," Barafu alisema, "si unyooshe tu? Ni punje."

Foleni alitazama lango la kutokea. Kulikuwa na mama mwenye troli limejaa amelikinga lote, anagombana na mtoto wake juu ya peremende. Akatazama tena ndani. Polepole akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaufungua.

Hapakuwa na grisi. Kiganja chote kilikuwa kimechubuka, ngozi imevimba malengelenge kutoka shina la kidole gumba mpaka ncha za vidole, mstari mmoja ulionyooka kama ukingo wa bati.

Nyuma yao kaunta za zamani ziliendelea kulia pi, pi, pi.

"Mtu akiinua boksi lenye nta inayochemka kwa mikono mitupu," Inspekta alisema, "ataungua hivyo hivyo. Ulikuwa huna muda wa kutafuta kitambaa. Meneja alikuwa anakimbilia stoo. Ulifungua, ukalichomoa, ukaliweka kwenye boksi, boksi kwenye troli. Kisha ukaita wizi. Liko wapi?"

"Nyumbani," Foleni alisema. "Nyuma ya tangi la maji."

"Na lile la kwanza? La nta ya kweli?"

Foleni alimkwepa shemeji yake kwa macho.

"Shemeji." Barafu hakupaza sauti. "Bonge langu liko wapi?"

"Kuna jamaa wa kampuni nyingine," Foleni alisema, akikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Wanatengeneza kompyuta tupu, hawana habari na maduka. Walitaka kulitazama kwa siku chache, basi. Wangelirudisha. Nikatengeneza la badala, nikalijaza mishumaa ya humu humu dukani. Nilijua ni la asubuhi moja tu, vikapu viwili vitatu mbele ya wageni. Nikasema nta ni nta."

"Nta ni nta!" Barafu alirudia, na hilo lilimuuma kuliko yote. "Miaka yote umekula mezani kwangu unanisikia, halafu nta ni nta?"

"Mashine kama hii haina kidude cha kupima joto, kipige kelele likizidi?" Inspekta aliuliza.

"Inacho. Kilianza kulia mapema. Nikakizima, wageni wasije wakakisikia."

"Kwa nini, lakini?" Meneja alishindwa kujizuia. "Mashine ni yako mwenyewe! Umejichomea nyumba!"

Foleni alimgeukia kwa hasira ya kwanza aliyoionyesha siku hiyo. "Yangu? Wewe umeona wageni wangapi wamekuja hapa? Wanakuja, wanaipita kaunta kama meza ya bia, wanainama chini wote kutazama bonge. Linafanyaje, halina feni, ajabu kubwa! Hakuna aliyesimama juu akauliza kikapu kinasomwaje. Kumi na moja nimewahesabu. Hakuna hata mmoja. Nikasema kama bonge ndilo wanalolitaka, basi wanaolitaka walitazame, mimi nami nipate hela yangu humo."

"Na huyu dada?" Inspekta aliuliza.

"Dada yupi?"

"Aliyelala kwenye saruji jana."

Foleni alifumba mkono, maumivu yakamfumbua. "Sikumtaja mimi. Meneja ndiye aliyemtaja."

"Meneja alimtaja," Inspekta alikubali. "Wewe ulinyamaza."

Meneja alikuwa ameinamia tai yake, anainyoosha bila mafanikio.

Barafu alikuwa anafunga kikopo chake, kifuniko kinateleza. "Dada yangu anajua?"

"Nilimwambia nimeshika pasi."

"Akakufunga?"

"Alitaka kunifunga. Nikamkatalia."

Barafu alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayejibizana na mtu wa ndani. Halafu akamwambia Inspekta, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kabla hawajaondoka huyo mtu apelekwe zahanati ya pale ng'ambo, kidonda cha nta kikiachwa wazi kinaoza. Mwenyewe akapanda baiskeli yake bila kuaga.

Inspekta alikuwa ameshatoa simu.

"Mkuu, usimtoe yule keshia."

"Umechelewa," Mkuu alisema. Nyuma ya sauti yake gari lilikuwa linanguruma. "Wanapanda sasa hivi."

"Washushe. Ninaye mtu, anakiri, na kidhibiti ninajua kilipo."

"Unaye kwa maneno au unaye kwa mkono?"

"Kwa mkono hasa," Inspekta alisema, akamtazama Foleni. "Rudisha jalada mezani. Sahihi yangu nitaiweka kwenye jingine."

Zahanati ilikuwa milango mitatu kutoka dukani. Muuguzi alimfunga Foleni bandeji huku anamgombeza kwa kuchelewa, bila kujua amesindikizwa na nani. Halafu wakaingia kwenye gari la Inspekta.

*

Uani mwa kituo gari la mahabusu lilikuwa bado linaunguruma, mlango wa nyuma uko wazi, na dereva anaulizia kama anaondoka au haondoki. Keshia alikuwa amesimama chini, peku, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu, kama asiyeamini kwamba ameambiwa ashuke. Inspekta alipotoka garini alimwendea, akamwambia kwa maneno machache: jalada limefungwa, hana kesi, aende akachukue vitu vyake.

Keshia aliweka mikono yote miwili kichwani. Hakulia. Alisema tu, "Basi, basi, basi," kama anayemtuliza mtu.

Kisha akamwona Foleni anashushwa upande wa pili, na uso wake ukafunguka.

"Ee! Baba, umerudi tena?" Akamgeukia Inspekta. "Mama, huyu ndiye mtu wa kushukuriwa. Ndugu zangu hawakufika, wenzangu wa kazini hata mmoja hakuja. Huyu asubuhi na mapema aliniletea chai kwenye chupa, na mkate. Akaniambia nivumilie, mambo yatakaa sawa. Na mkono wenyewe unamuuma, nilimwona alivyokuwa anaibeba chupa kwa ncha za vidole."

Inspekta hakuwa na habari ya chai. Alimtazama Foleni. Foleni alitazama bandeji.

"Mwambie," Inspekta alisema. "Kama ulivyoniambia mimi."

Foleni alijaribu. Alianza na bonge, akaliacha. Akaanza na wageni, akaliacha na hilo. Mwisho akasema kwa kifupi, akiwa ameinamisha kichwa: kwamba ni yeye, kwamba alijua tangu jana, kwamba chai aliileta akijua. Konstebo aliyekuwa amemshika mkono aliacha kutafuna.

Keshia alisikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani, mezani kwa konstebo, akachukua viatu vyake, akavivaa amesimama, kimoja kisha kingine, akafunga na mkanda. Alipotoka na kupita karibu na Foleni alisimama.

"Ulipoondoka asubuhi nilikuombea," alisema. "Nilimwambia Mungu, huyu mtu hajui hata ukoo wangu, lakini amenikumbuka. Nikajiuliza sana kwa nini. Sasa nimejua."